Ratili Arobaini na Moja Chini ya Buibui

Leo nimeumbuliwa na mzani.

Naandika haya mikono ingali inanuka papa. Nimeiosha kwa sabuni, kwa ndimu, mwisho kwa majivu. Mwanaidi, wewe ndiye utakayelisoma daftari hili shule ikifunguliwa, kama tulivyoahidiana. Basi lisome peke yako. Usilisome kwa sauti bwenini. Nakuomba hilo mapema, kabla sijaanza.

Unajua kwamba kaka yangu Nassor ni rubani. Usilolijua ni kwamba urubani wake una miezi miwili tu, na huu wa tatu ndio wa mwisho wa majaribio. Kampuni yenyewe ni ndogo, ina ndege mbili za mizigo. Kaka anapeleka Pemba dawa, barua, magazeti na vipuri vya mashine, na siku nyingine abiria mmoja kwenye kile kiti cha pembeni mwake. Masomo aliyafuata Nairobi. Marehemu baba aliyalipia kwa kuliweka rehani shamba letu la minazi la Tongoni, akafa kabla hajamwona mwanawe akiruka. Shamba liko mkononi mwa mwenye duka mpaka leo. Naye amesema wazi: likikosekana fungu la mwezi mmoja, analichukua moja kwa moja. Kaburi la baba limo humo humo shambani.

Kwa hiyo kazi ya kaka si kazi ya kaka peke yake.

Lakini mtu akisikia neno rubani anadhani tuna kisima cha shilingi uani. Mshahara wa kwanza ulikwisha kwa siku tisa. Huyu kaomba ada ya mtoto, yule kaomba sanda, mwingine kaja kukopa kwa sababu tu amemwona kaka amevaa kofia yenye mkanda. Kaka ni hodari angani, ila ardhini hajiwezi. Mshahara wa pili akaniletea mimi, kwa kuwa napenda hesabu, akasema, "Salha, nihifadhi na nafsi yangu."

Nikaugawa katika bahasha tano, nikazitia ndani ya kopo la biskuti. Rehani. Chakula. Nyumba. Dharura. Viatu vya Salha. (Hiyo ya mwisho aliiandika yeye, si mimi. Viatu vyangu vya shule vimetoboka, nikitembea naisoma njia kwa kidole gumba.) Kisha nikachora daftarini safu mbili: shilingi na usingizi. Usingizi nao ni mali, na yeye kwa kuwa ni mgeni kazini hupewa safari zote wanazozikwepa wenzake: za alfajiri, za Ijumaa, za siku za sikukuu. Jumatano iliyopita alilala mkono ukiwa ndani ya bakuli. Niliandika: "Saa nne na nusu, pamoja na dakika kumi za kwenye mchuzi."

Shilingi tuliziweza. Usingizi tuliuweza kidogo. Kilichotushinda ni vifurushi.

Wewe ni wa pwani, huhitaji kuelezwa. Mtu akisafiri, jirani huleta mzigo umpelekee ndugu yake. Huukatai. Mzigo wa mtu ni amana, na anayekataa amana leo, kesho atakosa wa kumbebea yake. Sasa kaka husafiri Pemba mara nne kwa juma, na nusu ya mtaa wetu wa Ngamiani ina ndugu Pemba. Kampuni haijui mambo ya amana. Inajua ratili. Kila ratili ya mzigo wa nyumbani ni senti hamsini, na hukatwa katika mshahara wa rubani. Mwezi uliopita mshahara ulikuja umekatwa kama kuku aliyeliwa na wageni. Tena mara moja alisahau kupimisha kikapu cha mtu, akapewa barua: kosa jingine la namna hiyo, na majaribio yanakomea hapo.

Jumapili akaniketisha.

"Mlango nakukabidhi wewe," akasema. "Usipokee mzigo wowote, hata bahasha ya hirizi."

"Sawa, kaka."

"Mama hawezi kukataa, moyo wake unamsuta. Wewe utaweza?"

"Sawa."

(Mimi husema sawa kwa kila kitu. Ndio ugonjwa wenyewe.)

Jumatatu asubuhi akaja Bi Mwanahamisi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, amekumbatia kinu cha shaba cha kutwangia bizari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu wa Pemba kajifungua. Atatwanga kwa nini, kwa meno?"

Nilifungua kinywa niseme. Wallahi nilikifungua. Yeye akadhani napiga mwayo, akaniambia nikalale mapema, akaniwekea kinu mapajani, akaenda zake.

Baada ya hapo wakajua. Sijui hujuaje. Jumanne ikaja choroko, pishi mbili, na kopo la samli. Jana akaja mzee mmoja na papa mkavu aliyefungwa gazetini, wa mgonjwa aliyekosa hamu ya kula. Utamkataliaje mgonjwa? Vyote nikaviingiza uvunguni mwa kitanda changu. Mama akauliza mara mbili kuna nini kilichokufa chumbani.

Usiku nikapiga hesabu. Nilikwishavipima dukani kwa siri, kimoja kimoja kila kilipoletwa: kinu ratili kumi na nne, choroko kumi na mbili, samli nane, papa saba. Arobaini na moja. Nauli yake shilingi ishirini na senti hamsini. Katika bahasha ya viatu mlikuwa na shilingi ishirini na moja.

Basi nikaona njia. Nitakwenda mwenyewe kiwanjani, nimpe karani mizigo na fedha taslimu, aandike kwa jina langu, mshahara wa kaka usiguswe wala yeye asijue. Viatu vitangoja. Kidole kimeshazoea.

Ilibaki shida moja: kutoka nyumbani. Mama hukaa mlangoni akisuka ukili, na mizigo minne angeiona. Nikachukua buibui lake, ambalo ni pana kuliko langu. Choroko nikazifunga kiunoni kwa kanga. Papa nikamlaza mgongoni, mkia juu. Samli kwapani. Kinu nikakishika tumboni kwa mikono miwili. Nikajifunika gubigubi, nikaacha macho tu. Mama alikuwa anahesabu miyaa ya ukili wake. Hakuinua kichwa.

Mwanaidi, kiwanja cha ndege hakiko karibu. Jua la saa mbili lilikuwa limeshakasirika. Nilikwenda nimepinda, hatua fupi fupi, samli inayeyuka, papa ananichoma shingoni kwa pezi. Nyuma yangu nikasikia kengele ya baiskeli. Mtu mzima, kavaa kaptura iliyopigwa pasi, akapunguza mwendo.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Nikatazama nyuma kumtafuta huyo bi mkubwa. Hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mama," akarudia, kwa heshima zaidi.

Ningefanyaje? Kumwambia mimi ni msichana wa miaka kumi na sita kungetaka maneno mengi.

"Marahaba," nikasema.

Akanitakia safari njema, akaenda. Nikaomba Mungu nisimwone tena. (Dua hiyo haikupokelewa.)

Kufika kiwanjani nikakuta kibanda cha bati, na mbele yake mzani mkubwa wa sahani, ule wa kupimia magunia. Nyuma ya mzani ameketi nani? Mtu wa baiskeli. Ndiye karani wa mizani, Bwana Mhina, Mbondei mwenye maneno, kaka humtaja sana. Wachukuzi walikuwa wanamalizia kupakia. Kaka nilimwona kwa mbali chini ya bawa, ana karatasi mkononi, anapiga mwayo mrefu.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno njia nzima. "Bwana karani, nina mizigo minne ya kulipia." Maneno saba tu.

"Aa, bi mkubwa, kumbe safari yetu ni moja," akasema Bwana Mhina kabla sijafungua kinywa. "Wewe ndiye abiria wa leo, mkunga wa Pemba?"

Nilitaka kusema siye. Wachukuzi wakageuka kunitazama, wanaume watano.

Nikatikisa kichwa. Mpaka sasa sijui nilikitikisa upande gani. Yeye aliona ndiyo.

"Haya, panda mzani."

Nikapanda.

Nakuapia sikuwaza. Mtu aliyezoea kuitikia miguu yake huitikia pia. Sindano ikaruka, ikatetemeka, ikatulia. Bwana Mhina akaitazama. Akatazama karatasi yake. Akaitazama tena.

"Hapa mwenyewe uliandika ratili tisini na nane," akasema polepole. "Mzani unasema mia na thelathini na tatu."

Mchukuzi mmoja akasema, "Kina mama na uzito wao. Mke wangu nyumbani ana ratili hamsini tangu tuoane."

"Nyamaza wewe. Mkunga hawezi kudanganya, kazi yake ni kupima watoto." Bwana Mhina akaugonga mzani kwa kalamu. Sindano haikwenda popote. Akaita, "Bwana meneja, mzani huu una jambo."

Meneja ni mzungu mmoja mnene anayekaa Raskazone. Akatoka kibandani, akanishusha kwa ishara ya kidole, akapanda mwenyewe. Sindano ikaenda hadi mia na tisini na moja.



"Mzani hii mbovu," akasema meneja. "Wiki jana mimi mia na themanini. Toka hapo nakula papai tu."

Bwana Mhina akainamisha uso. Mimi nilikuwa karibu naye, nikamsikia akinong'ona mezani: "Wiki jana uliegemea bega langu."

"Pakua yote," meneja akawaambia wachukuzi. "Mizigo yote imepimwa na mzani mbovu. Nani alijaribu mzani asubuhi?"

Kwao rubani ndiye hujaribu mzani kila alfajiri kwa jiwe la ratili hamsini, kisha hutia sahihi. Kaka alikuwa ameshafika, amekimbia.

"Mimi, bwana," akasema.

"Ulijaribu na jiwe?"

"Nilijaribu. Ulisoma hamsini kamili."

"Basi umesaini uongo."

"Bwana, tulete jiwe tujaribu tena."

"Jiwe mimi sitaki. Mimi najua mwili yangu." Akatoa daftari lake jeusi mfukoni. "Wewe una barua moja tayari. Leo ndege imechelewa, na sahihi ya uongo. Unajua mimi naandika nini."

Macho ya kaka yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi (jana saa tano kasoro, ninayo daftarini). Aliitazama ile ndege kama mtu anayetazama nyumba aliyohamishwa. Wachukuzi walikwishashusha magunia mawili. Nami nilikuwa nimesimama palepale, abiria mheshimiwa, mnuko wa papa unaanza kunizunguka, na mbele ya macho yangu nikaliona kaburi la baba kule Tongoni, na mwenye duka anapita juu yake akihesabu minazi.

Kalamu ya meneja ikagusa karatasi.

"Mzani ni mzima," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Safari hii sauti ilitoka kubwa mno, ikapasuka katikati kama ya jogoo anayejifunza.

"Mzani ni mzima. Mbovu ni mimi."

Nikaachia buibui.

Kwanza nikatoa kinu, nikakiweka chini. Kikalia ngoo. Kisha nikalifungua fundo la kanga kiunoni, nikatoa choroko, na kwa haraka yangu fundo la pili likafunguka pia, zikamwagika pishi nzima mpaka kwenye viatu vya meneja. Kopo la samli likatoka kwapani bila kuvutwa, limejaa mafuta nje kuliko ndani. Papa akakataa. Mkia ulikuwa umenasa kwenye ukosi wa gauni. Nikajipinda kushoto, nikajipinda kulia. Mchukuzi mwenye mke wa ratili hamsini akaja kwa adabu, akanivuta papa mgongoni mbele ya watu wote, kama mtu anayechomoa upanga alani.

Nikapanda mzani tena. Tisini na mbili.

"Salha?" akasema kaka.

Bwana Mhina alinitazama uso, akanitazama mpaka kwenye kidole gumba kilichochungulia kiatuni. Kisha akasema, kwa huzuni kabisa, "Binti, nirudishie shikamoo yangu. Zote mbili."

Hapo walicheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya gunia. Meneja hakucheka, na kaka hakucheka, kwa hiyo mimi niliwatazama hao wawili.

"Huyu nani?" akauliza meneja.

Kaka angeweza kusema hanijui. Ningemsamehe.

"Mdogo wangu, bwana."

Nikaifungua bahasha ya viatu, nikamwekea Bwana Mhina shilingi ishirini na senti hamsini mezani. Nikasema yote: watu walioleta, uvunguni, njia nzima. Nikasema kaka hakujua kitu, na kwamba sahihi yake si ya uongo. Sijawahi kusema maneno mengi namna ile mbele ya wanaume. Nilikuwa nayasikia kama ya mtu mwingine.

Bwana Mhina, bila kuamriwa, akaliviringisha lile jiwe, akalipandisha sahanini. Hamsini kamili. Sindano haikutikisika hata kidogo.

"Mzima, bwana," akasema.

Wote tukaelewa kwa pamoja, Mwanaidi. Kama mzani ni mzima, basi kaka alisaini kweli. Lakini kama mzani ni mzima, basi na ile mia na tisini na moja nayo ni kweli. Na mapapai yote yale yameliwa bure. Meneja alilitazama jiwe. Akalitazama tumbo lake. Mchukuzi mmoja akaanza kukohoa ghafla, akaenda kukoholea nyuma ya kibanda.

Kaka alikuwa amesimama wima kama yuko mbele ya kadhi.

"Mzani hii," akasema meneja, "asubuhi ilikuwa nzuri. Rubani alijaribu, ni kweli. Saa tatu kasoro robo imeugua." Akatazama saa yake. "Sasa imepona. Wote mmesikia?"

"Tumesikia, bwana."

"Rudisha magunia." Akaandika, akafunga daftari, akakung'uta choroko moja kutoka kiatuni, akaingia ndani.

Mkunga wa kweli akafika wakati huohuo, mwanamke mdogo, anakimbia, mfuko mkononi, anaomba radhi kwa kuchelewa. Wakampandisha mzani. Tisini na nane. Sote tukamkodolea macho. Akatuuliza kwa nini tunamtazama vile.

Nilikuwa nimepiga magoti naokota choroko. Kaka akaja akachutama kando yangu, akaokota naye.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Ya kuniambia mimi?"

"Ya kuwakatalia wao. Kisha ya kukwambia wewe kwamba sikuwakatalia."

Akaokota, akaokota. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Haya yako ina ratili arobaini na moja, Salha. Hata ndege inaihisi." Halafu akanipa kofia yake niivae, kwa kuwa jua lilikuwa kali na buibui la mama limelowa samli, akapanda na mizigo yangu yote minne, akaruka. Nilikaa nikaitazama ile ndege mpaka ikawa kama nzi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiruka. Nikamtazama kwa niaba ya baba pia.

Mama nimemwambia mwenyewe. Amelia kwanza kwa ajili ya kaka, kisha kwa ajili ya buibui.

Kaka amerudi alasiri. Barua ya pili haikuandikwa. Ameketi, akafungua kopo la biskuti, akaitazama bahasha ya viatu yenye senti hamsini, akairudisha. Kisha akanifanyisha mazoezi.

"Sema: siwezi kupokea."

"Siwezi kupokea," nikasema.

"Umemwambia mkeka. Niambie mimi."

Mara ya tano nikaweza. Mara ya sita pakabishwa hodi. Bi Mwanahamisi, kashika kitu kirefu kilichofungwa kitambaa.

"Mwanangu, nimesahau mchi. Kinu bila mchi ni bakuli tu."

Kaka alinitazama. Nikasimama.

"Bibi," nikasema, "siwezi kupokea. Kila ratili ni senti hamsini, kinu chako kilikuwa kumi na nne, na kaka yangu yuko katika majaribio."

Bi Mwanahamisi akaulaza mchi mkekani. "Kwani ni nauli tu?" akasema. "Si ungesema." Akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi mbili za mchi, akahesabu na saba za kinu, akanitilia mkononi. Akaenda zake. Wala hakukasirika.

Kaka amelala sasa, hata magharibi haijaingia. Nimemwandikia mapema katika safu ya usingizi ili nisisahau. Bahasha ya viatu ina shilingi saba na senti hamsini; zile mbili za mchi nimezitenga za karani. Kesho nitakwenda kwa wenye choroko, samli na papa, nijaribu maneno yaleyale, mmoja mmoja. Kwa mwenye papa nitaanza kwa kusimama mbali.

Mwanaidi, nimekueleza yote bila kuficha. Usicheke. Ukishindwa kabisa kujizuia, cheka, ila kicheko chako nitakipima: kila ratili ni senti hamsini, na viatu vyangu bado vimetoboka.